Picha ya Kidete Iliyoondoka Bila Kuagwa

Nimetengeneza fremu za picha tangu ujana wangu hadi mikono ilipoanza kutetemeka, na mpaka leo sijui kuchora hata kuku. Nawaambia mapema ninyi mnaochora, msije mkadhani mzee huyu anataka kuwafundisha sanaa. Mimi ni mtu wa mbao, misumari na gundi. Mwenyezi Mungu aliiweka riziki yangu pembezoni mwa picha, na ninamshukuru kwa hiyo.

Kazi yenyewe niliifanya Mikumi, katika nyumba ya sanaa iliyokuwa kando ya barabara kuu. Mwenye nyumba alikuwa Mama Felista, mwalimu mstaafu, mjane, mkali kwa bei na mpole kwa watu. Wageni waliotoka mbugani walisimama pale kununua. Madereva wa malori nao walisimama, wengi wao kwa ajili ya choo tu. Lakini choo cha Mama Felista kilikuwa nyuma kabisa, na ili ukifikie ulipita mbele ya picha zote, kwenda na kurudi. Nilipomwuliza kwa nini hakukijenga mbele, alisema, "Mtu mwenye haraka ndiye anayehitaji kutazamishwa."

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Mkude, seremala wa milango aliyegeukia fremu uzeeni. Fremu ya kwanza niliyokata peke yangu, kona zake zilikataa kukutana. Nilizibana kwa gundi, nikaziba mianya kwa unga wa mbao, nikapaka vanishi, nikaiweka kivulini nikijisifu. Fundi Mkude aliigeuza akaitazama nyuma, maana fremu husema kweli kwa nyuma. Akasema, "Salumu, hiki ni kitanda cha mtu aliyegombana na mkewe. Kila upande unalala kivyake." Akaivunja gotini, akanipa mbao nyingine. Kuanzia hapo kila kona niliianza kwa Bismillahi na kwa skwea, kile kipimo cha pembe, na sikuona kimoja kikitosha bila mwenzake.

Msikitini wapo walioniuliza inakuwaje mtu wa swala tano atengeneze fremu za sura za watu. Nilikwenda kwa Ustadhi wangu wa Kilosa, aliyenisomesha tangu nikiwa na juzuu mkononi. Aliniambia nisivitukuze vitu vya mikono ya wanadamu, nisimpunje mtu, na nisiichelewe Alasiri kwa sababu ya vanishi. Hayo nimejitahidi kuyashika. La vanishi lilikuwa gumu zaidi.

Nyumba ile ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Picha ikishanunuliwa, haikutoka siku hiyo. Ilibaki ukutani na kikaratasi chekundu kwenye kona, mnunuzi akaambiwa atatumiwa. Katika muda huo mchoraji aliitwa aje kuiaga. Mwanzoni nilidhani ni mapenzi tu ya Mama Felista. Baadaye nikaelewa. Rangi ya mafuta hukauka polepole. Unaigusa juu ukadhani imeiva, kumbe chini ni mbichi kama uji ulioweka utando. Picha iliyobaki ukutani ilimaliza kukauka chini ya macho yetu. Na mchoraji naye, akiwa kwake, huwa ameikaribia mno kazi yake. Akiikuta imetundikwa, imevaa fremu, watu wamesimama mbele yake, ndipo anapoijua.

Basi walikuja, na hawakuja peke yao. Walikuja na wake zao, wazee wao, na majirani waliochorwa. Mama Felista aliwapikia chai ya maziwa. Mama mmoja wa Malolo alikuta mbuzi wake amechorwa na kikaratasi chekundu kimebandikwa, akataka kujua kama na mbuzi mwenyewe ameuzwa. Ilibidi tumwapie. Tulicheka siku ile, lakini leo nikikumbuka naona ukuta ule ulikuwa mahali pekee ambapo watu wa kwetu waliziona picha za kwetu kabla hazijaenda zake.

Kisha zikaja simu za kupigia picha. Jina la mchoraji limeandikwa pale chini kwenye kona. Mnunuzi alilipiga picha, akalitafuta mtandaoni, na safari iliyofuata hakusimama tena Mikumi. Alikwenda moja kwa moja Ruaha, Malolo, Kidete, mpaka mlangoni kwa mchoraji. Sikuwalaumu wachoraji. Mama Felista alichukua sehemu yake, nayo haikuwa ndogo, kwa kuwa paa, umeme, mlinzi na mimi sote tulikula humo. Mtu akiambiwa chukua yote, atakataaje?

Hata hivyo niliumia, na mtu aliyeumia hutafuta dalili za kumtetea. Nikakumbuka tulivyosomeshwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza watu kutoka kwenda kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, maana mwenye mali huwa bado hajaijua bei. Nikawa nawaonya wachoraji kwa maneno hayo, Waislamu na Wakristo pia. Siku moja nikamweleza Ustadhi mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho kwa utulivu, kisha akaniuliza, "Na yanayofuata?"

Hayo nilikuwa nimeyasahau.

"Yanayofuata yanamkataza mtu wa mjini asimuuzie mtu wa shamba mali yake. Watu waachwe, Mungu awaruzuku wao kwa wao. Umebeba nusu ya mafundisho, Salumu. Ile inayokufaa."

Nilirudi Mikumi, na tangu siku hiyo sikumwonya mtu kwa dini katika jambo lile. Nawaambia nanyi: kuuza mlangoni kwako ni halali yako. Mengine nitakayoyasema yasikufanye udhani ninakukataza.

Nyumba ya Mama Felista haikuanguka siku moja. Picha zilipungua ukutani, mahali pake pakabaki miraba myeupe kwenye rangi ya ukuta. Madereva waliendelea kusimama kwa ajili ya choo. Mama akaugua, akafariki, Mungu amrehemu, na wanawe wakapangisha jengo. Leo wanauza vipuri vya pikipiki. Mimi nikabeba randa na misumeno yangu, nikarudi Kilosa kwangu.

Sasa niwape habari ya Yohana wa Kidete. Yeye ameniruhusu niiandike, kwa kuwa yule ambaye ingemuumiza zaidi ameshatangulia mbele ya haki.

Yohana ni mchoraji, rika langu. Babu yake alikuja na kazi ya reli kutoka Tabora, nami ni Mluguru, kwa hiyo utani ulikuwa halali yetu. Akileta picha alinisalimu kwa kusema Waluguru tulijifunza fremu tukidhani tunaunda mitego ya panya. Nami nilimjibu kwamba Wanyamwezi walibeba mizigo mpaka wakasahau kuishusha, ndiyo maana hata yeye hachori mtu asiye na furushi. Na kweli, hakuchora mtu asiye na furushi.

Picha zake zilikuja kwa treni hadi Kilosa, na kutoka hapo kwa basi. Zilisafiri zikiwa zimesimama, kitambaa kimevutwa na kupigiliwa pini kwenye mbao zake. Kitambaa hicho wachoraji hukiita kanvasi. Kazi ya Yohana ilikuwa kuchora na kuifikisha picha stesheni. Kuivua kwenye mbao, kuikunja na kuifunga kwa safari ndefu, hiyo ilikuwa kazi yetu dukani. Hatukumfundisha mchoraji yeyote kazi hiyo, na hakuna aliyeuliza. Mtu hamuulizi mwoka mikate namna ya kujenga tanuri.

Nyumba ya sanaa ilipokwisha kufungwa, macho ya Yohana yakaanza kufifia. Hospitali walisema ni presha ya macho. Mwenyewe aliniambia anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akaamua, kabla bomba halijazibika, achore picha moja kubwa kuliko zote alizowahi kuchora: watu wa Kidete wakiwa stesheni, wamekaa juu ya mizigo yao, wanangoja treni.

Hakuchora watu wa kubuni. Alimwita kila mmoja akae mbele yake. Alimweka Mzee Masudi na gwanda lake la reli, ambalo hakulivua hata baada ya kustaafu. Alimweka Bibi Sikudhani, msuka mikeka, mtu mzima kuliko sisi sote. Wengine mto Mkondoa ulikuwa umeshabomoa nyumba zao wakahamia kwa ndugu, lakini walirudi siku yao ya kuchorwa wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Mkewe Agnesi alikuwa ameshafariki; huyo alimchora kwa kumbukumbu, pembeni kulia, ameshika kikapu. Na kila aliyekaa aliahidiwa kitu kimoja: picha itatundikwa, mtakuja kujiona, ndipo iuzwe.

Ukuta wa Mikumi haukuwepo tena, kwa hiyo tulikubaliana kutumia ukuta wa ghala la mahindi pale pale Kidete. Mimi ningekuja na mbao za mninga, niunde fremu, tuitundike, padri na shehe wakaribishwe, ipikwe chai. Nilimwambia asubiri mvua zipite, kwa sababu alipaka rangi nene sana. Macho yakififia, mkono hutafuta picha kwa kupapasa, na rangi huongezeka. Nikanunua mbao, nikaanza kuzipiga randa barazani kwangu.

Ndipo akatokea Mama Doreen. Ni mtu wa Dar es Salaam, mwenye nyumba iliyojaa picha za Watanzania, na msinielewe vibaya: ni mama muungwana. Alikuwa mteja wa Mama Felista miaka mingi. Aliposikia habari za macho ya Yohana alifunga safari hadi Kidete, akaiona picha kubwa, akakaa chini kwenye kiti cha mchoraji. Kisha akasema anaichukua, na anatoa malipo yote siku hiyo, ili Yohana aende kutibiwa bila kungoja.

Yohana alinipigia simu nikiwa na randa mkononi.

"Mtani, nimeletewa macho yangu mlangoni. Nifanye nini?"

"Mwambie asubiri kidogo ikauke. Watu wako hawajaiona."

"Itakauka mimi nikiwa sioni. Hao watu wangu nitawaonyesha nini na mimi mwenyewe sijui kama iko wima au imepinduka?"

Nilimwambia, basi iende na Mungu aibariki. Alinieleza kwamba mama amekuja na gari kubwa, nami kichwani nikaiona picha imesimama nyuma ya kiti kama zilivyosimama siku zote kwenye treni. Nikamtakia heri, nikazilaza zile mbao chini ya kitanda.

Lakini picha ilikuwa ndefu kuliko gari. Ikabidi ivuliwe kwenye mbao na kukunjwa, na katika Kidete yote hakuna anayejua kukunja kitu kirefu kumshinda Bibi Sikudhani. Aliitwa na wenzake wasuka mikeka, wakaja wamenawa mikono. Walipoitandaza chini kila mmoja alijitafuta. Yohana alikuwa amesimama mlangoni, hawaoni vizuri, anawasikia tu wakicheka: huyu mimi, huyu wewe na miguu yako ya bata. Aliniambia baadaye kwamba katika kazi yake yote hakupata saa nzuri kuliko ile.

Kisha wakaikunja kwa heshima, kama mkeka wa msikitini.

Mkeka, vijana wangu, hukunjwa uso ukiwa ndani. Pale mtu atakapoweka paji la uso wake kusujudu pasiguswe na vumbi la njiani. Hiyo ni adabu, na kila mtoto wa kwetu aliyelelewa anaijua. Tena hukazwa, usije ukalegea na kuingiza mdudu. Picha ni kinyume chake. Picha hukunjwa rangi ikiwa nje, juu ya bomba pana, karatasi laini ikipita katikati, wala haikazwi. Rangi ikiwa nje hujitanua kidogo, na ikikunjuliwa hurudi mahali pake. Ikiwa ndani hujikunyata na kupasuka. Na ikiwa mbichi, hushikana na mgongo wa kitambaa unaoilalia. Shikeni hilo, maana siku hizi dukani hakuna mtu wa kuwafungia. Anayeuza mlangoni amechukua kazi ya kuchora na kazi ya kufunga pia, na kazi ya kungoja, ambayo ndiyo ngumu.

Wale mama waliikaza, wakaifunga kwa ukindu. Mama Doreen alivutiwa na kifungo kile, akadhani ndiyo desturi ya kwetu, na kwa kweli ndiyo. Kutoka Kidete alikwenda Mikumi kupumzika na wageni wake. Gari lilisimama juani siku zote za mapumziko, picha ikiwa ndani.

Yohana alikwenda hospitali kubwa kama alivyokusudia. Madaktari walimhudumia vizuri, lakini walisema jicho moja limeshakwenda na jingine limechelewa. Alirudi Kidete anaona mwanga tu, na baada ya muda mwanga nao ukaondoka. Akasema, "Bwana ametoa." Sikumsikia akiimalizia sentensi hiyo.

Simu ya Mama Doreen ilinijia nikiwa natia udhu. Aliniamkia, "Shikamoo, baba," nikaitikia marahaba. Akanitumia kwenye simu picha za ile kanvasi ilipokunjuliwa, rangi imepasuka na kubanduka. Hakutaka kurudishiwa chochote, nawaapia hilo. Alitaka kujua tu kama kuna namna ya kuitengeneza. Nilimwelekeza atafute mtu wa kukarabati picha za zamani, akampata, na mtu huyo akasema nilichokuwa nimeshakiona mwenyewe: mpasuko huzibwa, lakini sura iliyobanduka haina pa kurudishwa.

Nilipanda treni kwenda Kidete. Jambo la namna ile halisemwi kwa simu.

Nilimkuta Yohana amekaa kitandani, redio inaongea peke yake. Nilimweleza kilichotokea. Akazima redio, akaniuliza kama ninazo zile picha kwenye simu. Nikasema ninazo. "Basi nisomee," akasema. "Anzia kushoto."

Nikaanza kushoto. Nilimwambia juu ya paa la stesheni, lipo, limepasuka kama ardhi ya kiangazi. Nikamtajia watu mmoja mmoja, aliyepo na asiyekuwepo. Nilipofika katikati akauliza, "Mzee Masudi?"

"Nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya chini."

Akacheka kidogo. "Si neno. Watamjua kwa viatu."

Bibi Sikudhani alikuwepo macho na ushungi, mdomo haukuwepo. Nikaendelea kulia. Nilikuwa nakwenda polepole, na yeye alijua kwa nini ninakwenda polepole, kwa maana picha ile ilikuwa kichwani mwake zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye simu yangu.

"Kikapu kipo?" akauliza.

"Kikapu kipo."

"Aliyekishika?"

Nilitazama tena, kwa muda mrefu. Nilitamani nipate hata kitenge chake. "Hayupo, Yohana," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Hakulia, wala hakunitania. Mwisho akaniomba jambo moja: watu wa Kidete wasiambiwe, na hasa Bibi Sikudhani. "Wao wanajua wametundikwa kwenye nyumba nzuri. Waache hapo hapo. Yule bibi ameikunja kwa mikono yake. Akisikia, atajua ni mikono yake." Nikamwahidi. Nilijua kwamba mimi ni mtu ninayeogopa kusema uongo, na kwamba nimejifunga kwenye jambo gumu.

Ugumu haukuchelewa. Nilipokuwa narudi stesheni nilimkuta Bibi Sikudhani kibarazani kwake anasuka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda bila kuniuliza kama nina haraka.

"Umetoka kwa mchoraji, mwanangu?"

"Nimetoka kwake, bibi."

"Wewe ndiye mwenye kujua mambo ya picha. Hebu niambie. Tulifika salama?"

Nilimtazama mikono. Vidole vyake vilikuwa havisimami, vinaupeleka ukindu juu na chini kama mtu anayevuta tasbihi.

"Mko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, bibi," nikasema.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi na safari. Lakini niliikaza mwenyewe."

Nikaitikia Alhamdulillahi, nikakaa naye mpaka treni ilipokuja.